Bi Hakika na Wanawake wa Jumatatu

Mtaani walimwita Bi Hakika, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia leo Jumanne, atakuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kwanza kiganja dirishani. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi nguo mpya, na kazi hiyo haikumfundisha kuamini watu. Kochi likifika kwake alilipindua miguu juu, akachana kitambaa cha chini kwa kisu, akalitazama tumboni. Huko alikuta mambo: majani makavu mahali ambapo mwenye kochi aliapa kuna sponji, mbao zilizoliwa na wadudu, katoni za sabuni zilizokunjwa na kuitwa egemeo.

"Makochi ni kama watu," alisema, midomo ikiwa imebana misumari midogo. "Juu mahameli, chini makapi."

Alikuwa amepita hamsini. Mumewe alipaka rangi nyumba za watu, mzee mpole mwenye madoa ya rangi kwenye masikio ambayo hayakuwahi kutoka. Binti yao alishaolewa, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, na wifi yake Bi Hakika aliyekaa nyumba ya pili na kuingia bila kubisha hodi.

Muwasho ulianza kama mzaha. Kwanza alishuku sabuni, akabadilisha. Akashuku gundi ya kazini, kwamba anaishika halafu anaenda chooni. Muuzaji wa duka la dawa akampa tyubu ya fangasi, baadaye akampa nyingine kubwa zaidi, na kila mara alimwambia jambo hilo ni la kawaida kwa wanawake. Muwasho ukatulia siku mbili tatu, ukarudi na hasira zake. Ilipopita miaka miwili hivi, tuhuma zake zikahama kutoka kwenye sabuni zikamwangukia mume.

Alimvaa asubuhi moja wakinywa chai. "Baba, hizo nyumba unazoingia na brashi, zina wenyewe wa namna gani?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Unaniuliza nini, mama?"

"Nakuuliza umeniletea nini."

Alipofahamu swali lenyewe alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, mimi nikishuka ngazini magoti hayakunji. Mwanamke gani atanitaka, anataka kunining'iniza ukutani?"

Bi Hakika hakucheka. Alinusa mashati yake yote kikapuni. Yalinuka rangi.

Kilichomtoa nyumbani ni kioo. Siku moja alifunga mlango wa chumba, akachuchumaa, akajitazama mahali ambapo katika maisha yake yote hakuwahi kupatazama. Ngozi ilikuwa nyeupe, nyembamba, imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Na upande mmoja palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu, ambacho kumbe ndicho kilichokuwa kikimchoma kila akienda haja ndogo. Akavaa, akaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake baridi na maneno yake machache. Alikata kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo. Majibu yalipotoka, alimkalisha, na nesi wa kliniki akasimama pembeni.

"Ni saratani, mama. Saratani ya mashavu ya nje ya uke."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hamkuchanganya kinyama changu na cha mwingine?"

"Ukitaka kipimwe tena hospitali nyingine, ni haki yako. Nitakuandikia."

Akakubali kuandikiwa, akaenda huko kwingine, na huko nako jibu likawa lile lile. Alirudi kwa daktari akiwa na swali moja tu. "Nani kaniletea?"

"Hakuna aliyekuletea," daktari akasema. "Wapo wanaoanzia kwenye kirusi ambacho watu wengi huishi nacho bila kujua. Wewe chanzo chako ni ule weupe wa ngozi. Ni ugonjwa wa ngozi, umekaa miaka bila kupata dawa yake. Hauambukizi, na si uchafu wala si uzinzi wa mtu. Tutaondoa sehemu iliyougua, tupime na tezi za kinena. Hujachelewa, lakini usikawie."

Maneno mengine yalimpita juu ya kichwa. Nesi alimwuliza jambo, akaitikia bila kusikia, akatoka.

Nyumbani alisema ana "kauvimbe". Angeanzia wapi? Mwenye kuumwa kifua husema kifua, mwenye figo husema figo, hata mezani. Ugonjwa wake yeye ulikuwa umejichagulia mahali ambapo hata jina lake hunong'onezwa. Akaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni. Wifi yake alimwuliza, "Mbona siku hizi unatembea kama umeazima viatu?" Bi Hakika akashinda siku nzima akijiuliza wifi anajua nini, na kaambiwa na nani.

Ndipo simu ikalia. Sauti ya mwanamke, nzito yenye mikwaruzo.

"Wewe ndiye fundi wa makochi? Namba yako nimepewa na nesi. Mimi niliugua kama wewe. Nikasema nikujulie hali."

Bi Hakika alikata simu kana kwamba imemng'ata. Kesho yake alimfuata nesi mpaka kwenye chumba cha sindano.

"Umenitangaza!"

"Mama, nilikuuliza mbele ya daktari kama nimpe mwenzako namba. Ukaitikia."

"Mimi?"

"Kwa kichwa. Mara mbili."

Hakuamini. Aliondoka akiwa amejenga kesi kamili: nesi anauza namba za wagonjwa, na yule mwenye sauti ya mikwaruzo ni wakala wa dawa, au wa dini, au wa chama cha mazishi. Na kwa kuwa mwizi hukamatwa na mali mkononi, simu ilipolia tena alijibu kwa sauti laini, akamwalika mwanamke yule karakana kwake.

Alikuja mtu mnene, amejifunga kilemba cha njano, vidole vyake virefu vinang'aa kwa mafuta ya nywele. Alikuwa msusi, mwenye saluni karibu na soko. Bi Hakika alikuwa amemwandalia kigoda cha mbao, kigumu, chenye ukingo.

"Karibu ukae."

Msusi alikitazama kigoda, akamtazama mwenye karakana. "Hapo sikai, dada. Labda unizike leo leo." Akavuta rundo la sponji, akakalia paja moja.

Bi Hakika aliona, lakini moyoni akasema hata waigizaji huchechemea. "Unauza nini?"

"Nasuka. Nywele zako kweli zinahitaji mtu."

"Unga? Mafuta? Maji ya maombi?"

"Siuzi kitu."

"Basi unataka nini kwangu? Mtu hatoki kwake bure kuja kumtafuta asiyemjua."

Msusi akaanza kuchoka. Alieleza alivyopasuliwa, alivyorudi nyumbani na kukaa wiki nyingi asiweze kumtazama mtu usoni. Kila alipopumua, Bi Hakika aliingiza swali: Hospitali gani? Wodi ya wapi? Dirisha linatazama nini? Mwishowe msusi akasimama.

"Shusha hilo geti."

"Kwa nini?"

"Shusha, nimesema. Wewe si mpaka upasue kitambaa uone ndani? Njoo uone ndani."

Bi Hakika alishusha geti la bati. Nyuma ya pazia la vitambaa vya makochi, chini ya taa ya kazi anayoitumia kutafutia springi zilizokatika, mwanamke ambaye hakumjua hata jina alipandisha gauni lake akamwonyesha. Bi Hakika alitazama. Palikuwa na kovu laini, la rangi ya ndani ya mdomo, limepita mahali palipokuwa na kitu na sasa hapana. Kwenye kinena kulikuwa na mstari mwingine. Mguu mmoja ulikuwa mnene kidogo kuliko mwenzake.

"Kumepona," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Kumepona. Hakupendezi, lakini kumepona. Naenda haja, nafanya kazi, na mambo mengine ya nyumbani nayo yamerudi, polepole, tena kwa maelewano." Msusi akateremsha gauni. "Unafikiri mimi namfunulia kila mtu? Hata mama yangu hajaona."

Bi Hakika alikaa kwenye kile kigoda alichomtegea mwenzake, akaumia, akainuka akilia. Msusi hakumshika. Alisubiri tu, kisha akamwambia wapo wengine wanne, na kwamba hukutana saluni kwake kila Jumatatu, siku ambayo hafungui.

Jumatatu ile Bi Hakika aliingia saluni kama askari wa ukaguzi. Viti vilikuwa vimegeuzwa mgongo kwa vioo. Palikuwa na bibi mmoja mkimya aliyekuja na mto wake mwenyewe kwapani. Palikuwa na karani wa kukata tiketi za mabasi, binti wa miaka thelathini na kidogo, aliyekuwa bado hajapangiwa siku ya kupasuliwa. Palikuwa na mpishi wa shule, mwenye utani mwingi. Na palikuwa na mwanamke waliyemwita Mama Upole, ambaye alimkumbatia Bi Hakika kabla hajasema jina, akamshika mkono kikao kizima.

Walizungumza mambo ambayo Bi Hakika hakuwahi kusikia yakitamkwa kwa sauti ya kawaida. Jinsi ya kujimwagia maji ya vuguvugu wakati wa haja ndogo ili isichome. Suruali ya ndani ya pamba, saizi ya bibi yako. Mpishi alisimulia mkojo wake baada ya upasuaji ulivyokwenda kushoto kama gari lisilo na usukani, na bibi mkimya akacheka mpaka mto ukamdondoka. Bi Hakika hakucheka. Alikuwa anajiuliza watu wenye saratani wanapata wapi kicheko, na kama kicheko hicho kina mwenyewe anayekilipia.

Mama Upole alimsindikiza mpaka kona.

"Usiwakimbilie hao wenye visu, mwenzangu," alisema taratibu. "Mimi kisu sijakijua. Kuna unga, nilikunywa, kidonda kikakauka chenyewe. Siuzi. Utatoa shukrani tu utakapopona."

Sasa sikiliza maajabu ya binadamu. Huyu aliyebishia daktari, akabishia maabara mbili, akamfanya mwenzake avue nguo ndipo aamini, aliupokea ule unga bila swali hata moja. Kisu alikiogopa kuliko alivyoogopa kudanganywa. Alikunywa asubuhi na jioni, ukiwa mchungu kama nyongo, na kwa kuwa ulikuwa mchungu akaona unafanya kazi. Siku ya kwenda kutayarishwa kwa upasuaji ilipofika, hakwenda. Nesi alipopiga simu, akasema ana mafua.

Aliyemwamsha ni mumewe, na wala hakukusudia. Mzee naye alikuwa amekaa na jambo lake kimya kimya. Jumatatu moja alimkuta mkewe akijiandaa kutoka, akajikaza.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Saluni."

"Kila Jumatatu saluni?"

"Kila Jumatatu."

"Mbona nywele ni zile zile?"

Bi Hakika alifungua kinywa ajibu kwa ukali, akaona midomo ya mumewe inatetemeka. Mtu huyu, aliyechekwa na magoti yake mwenyewe, alikuwa amekaa majuma mazima akidhani mkewe ana mwanamume. Ndipo akamwambia yote, kuanzia kioo mpaka unga. Alilitaja jina la ugonjwa na jina la mahali penyewe. Mzee alisikiliza akitazama mikono yake. Hakusema pole. Aliuliza:

"Huyo aliyekupa unga, ulimwuliza lile swali lako?"

"Swali gani?"

"Lile unaloniuliza mimi hata nikisema chumvi imeisha."

Bi Hakika alikaa kitandani. Kweli, hakuwa amemwuliza.

Alikwenda saluni akiwa na pakiti ya unga mkononi. Karani wa tiketi hakuwepo siku hiyo, na haikuwa mara ya kwanza. Bi Hakika hakungoja salamu ziishe.

"Mama Upole, kidonda chako kilikuwa upande gani?"

"Hayo yamepita, mwenzangu. Kilikuwa kama chako."

"Changu kiko upande gani?"

Mama Upole akatabasamu, akawatazama wengine. "Dada yetu leo ana nini?"

"Walikupima hospitali gani?"

"Mambo ya hospitali nimeshayasahau."

"Mimi sijasahau hata rangi ya shuka," msusi akasema, na sauti yake ya mikwaruzo ikajaa chumba. Alikuwa ameiona pakiti. "Huo ni nini?"

Mwanamke yule alilia. Alisema alitaka kusaidia tu, kwamba kuna mganga aliyemtuma, kwamba wao ni watu wasio na shukrani. Alipotakiwa aseme wazi kama aliwahi kuugua, alichukua mkoba wake akatoka, ameacha mlango wazi. Mkutano mzima haukumpongeza Bi Hakika. Bibi mkimya, aliyekuwa haongei, ndiye aliyeongea: "Hata kama ni mwongo, alinishika mkono siku ambayo wanangu hawakuja."

"Nani mwingine kapewa?" msusi akauliza. Wakatazamana. Kila mtu akakitazama kiti cha karani.

Walikwenda wawili, msusi na Bi Hakika, mpaka chumba alichopanga karani, nyuma ya kituo cha mabasi. Walimkuta amelala ubavu. Alikuwa amepungua, na chumba kilikuwa na harufu ambayo alijaribu kuifunika kwa manukato. Pakiti tatu za unga zilikuwa dirishani. Kliniki alikuwa ameacha majuma machache baada ya Bi Hakika kujiunga na kikundi.

"Mwanangu, kwa nini?" msusi akauliza.

Karani alimwelekezea Bi Hakika kidole. "Aliniambia huyu anakunywa na anapona. Nikasema, yule mama haamini hata saa ya ukutani. Kama yeye ameamini, mimi ni nani nikatae?"

Katika maisha yake Bi Hakika alishazoea kudanganywa. Hakuwa amezoea kuwa yeye ndiye mahameli ya kufunikia makapi ya mwingine. Alitamani kuondoka. Badala yake alitafuta beseni na kitambaa, akamwosha binti yule kidonda kwa maji ya chumvi alivyoelekezwa na msusi, akaona ukubwa wa kilichoharibika, akampigia nesi simu ileile aliyomdanganyia mafua.

Walipelekwa kwa daktari asubuhi moja, foleni moja. Daktari hakuwagombeza. Bi Hakika alipangiwa tena, na kwa bahati kidonda chake hakikuwa kimesogea sana. Cha karani kilikuwa kimesogea. Yeye ilibidi apate mionzi na dawa kwanza ndipo wafikirie kisu.

Upasuaji wa Bi Hakika ulikwenda vizuri, ingawa siku za mwanzo alitamani ungemalizana naye palepale mezani. Mumewe aliomba likizo kwenye nyumba aliyokuwa akiipaka, akajifunza kumwosha. Alifanya kazi hiyo kama apakavyo dirisha, polepole, bila kugusa pasipohusika, akieleza anachofanya. Siku moja mkewe alijifunika uso.

"Unaona nini?"

"Naona nyuzi."

"Unachukizwa?"

"Kazi ya mshonaji huyu si mbaya," mzee akasema. "Ungemwajiri."

Mkewe akacheka kwa mara ya kwanza, akaumia, akamtukana mumewe, akacheka tena. Wifi naye aliambiwa. Kumbe alikuwa hajui chochote. Alidhani ni visigino vinamsumbua. Alilia sana, halafu akaanza kubisha hodi kabla ya kuingia.

Majibu ya tezi yalitoka safi. Mguu wa kulia huvimba akisimama muda mrefu, kwa hiyo anafanya kazi nusu siku na kuuinua jioni. Kila baada ya miezi kadhaa anarudi kukaguliwa, na kila safari anaamini daktari anamficha kitu, mpaka aonyeshwe. Mama Upole anasemekana kuonekana kwenye hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, amemshika mgonjwa mkono. Msusi na nesi walikwenda huko kutoa taarifa. Bi Hakika hajui kama walisikilizwa.

Karani alimaliza mionzi, akapasuliwa baadaye, upasuaji mkubwa kuliko ambao angehitaji mwanzoni. Akakaa miezi bila kupokea simu ya Bi Hakika hata mara moja. Mtu akiokolewa si lazima ampende aliyemwokoa, hasa kama huyo huyo ndiye aliyempoteza njia. Bi Hakika aliacha kupiga. Alimtumia mto wenye tundu katikati, aliouvisha kitambaa kilichobaki kwenye kochi la tajiri mmoja, na hakuweka ujumbe wowote.

Kisha Jumatatu moja mlango wa saluni ulifunguka, karani akaingia polepole, mto kwapani. Aliwasalimu wote isipokuwa mmoja. Akakaa kiti cha mwisho, karibu na sinki la kuoshea nywele, akanyamaza mkutano mzima. Juma lililofuata alinyamaza tena. La tatu, wakiwa katikati ya maneno ya mpishi, alisema bila kumtazama mtu:

"Jamani, mimi bado inanichoma nikienda haja. Hivi ni kawaida?"

Wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja na lake, mpaka msusi akapiga kitana kwenye meza ili waseme mmoja mmoja. Karani aliinua uso, akatazama chumba chote hadi upande aliokaa Bi Hakika.

"Na wewe?" akamwuliza. "Wewe ilikuwaje?"